Takwimu tunazo, bajeti haibadiliki: nani avushe maarifa ndani ya halmashauri?

Swali: Mimi ni afisa mipango katika halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa. Kila mwezi vituo vyetu vya afya vinaleta taarifa za MTUHA, yaani takwimu za huduma zinazoandikwa kwenye madaftari ya vituo, na zinaingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Bajeti tunaandaa kwenye PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti; vituo vinatumia FFARS, mfumo wa kuandika mapato na matumizi yao; malipo ya serikali yanapita MUSE; na barua na majalada siku hizi vinatembea kwa kompyuta kwenye Ofisi Mtandao. Lakini ukiuchukua mpango wa afya wa mwaka huu ukauweka pembeni ya ule wa mwaka juzi, ni ule ule, namba tu zimepanda kidogo. Mkurugenzi amenikabidhi jukumu la usimamizi wa maarifa, na anapendekeza tutengeneze tovuti ya ndani yenye dashibodi ili wakuu wa idara wote waone takwimu. Je, nianze na hilo? Kama si hilo, nimshauri nini?

Jibu: Ndugu yangu, usianze na tovuti. Dashibodi mnayo tayari. DHIS2 inamchorea grafu, majedwali na ramani yeyote mwenye akaunti, na Tanzania imekuwa ikiutumia mfumo huo nchi nzima tangu 2013. Kabla hujarudi kwa mkurugenzi, wapitie wakuu wa idara mmoja mmoja, uwaulize kwa upole nani kati yao alifungua grafu yoyote ya DHIS2 wakati wa kuandaa bajeti iliyopita. Katika halmashauri nyingi nilizofanya nazo kazi majibu hufanana. Mratibu wa MTUHA alifungua, kwa sababu ni kazi yake. Mganga Mkuu alifungua alipokuwa anaandika taarifa ya robo mwaka. Mweka hazina hana akaunti, na hajawahi kuambiwa kwamba humo kuna jambo linalomhusu. Ofisi yako ya mipango huenda inayo akaunti moja, ambayo nywila yake aliondoka nayo mtu aliyehamishwa.

Kwa hiyo pa kuangalia papo. Ninyi mmekosa mtu wa kuitoa namba pale ilipo, kuielewa, kuiuliza maswali, kisha kuifikisha mezani kwa anayegawa fedha, katika sura anayoweza kuitumia na kabla hajaamua. Kazi hiyo wengine huiita uwakala wa maarifa, wengine udalali wa maarifa. Mimi nitamwita anayeifanya mvushaji. Si kazi ya TEHAMA, ingawa huwezi kuifanya bila mtu wa TEHAMA. Si kazi ya takwimu pekee. Na mvushaji si mwamuzi, jambo ambalo nitalirudia huko mbele kwa sababu ndilo linalowaponza wengi.

Nchi yetu ina mfano mkubwa wa jambo hili, na nasikitika kwamba maafisa wengi vijana hawajausikia. Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa ripoti iliyosema kwamba nchi maskini zinaweza kuokoa maisha mengi kwa fedha kidogo, mradi fedha hizo zielekezwe kwenye huduma zinazolingana na maradhi yanayoua watu wa mahali husika. Wizara ya Afya, ikishirikiana na IDRC, shirika la Kanada linalogharimia utafiti wa maendeleo, iliamua kulipima dai hilo kwa vitendo katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini, zilizokuwa na zaidi ya watu laki saba kwa pamoja. Mradi uliitwa TEHIP. Kazi yake wilayani ilianza mwaka 1997 na kuendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa kwamba watu wengi walikuwa wanafia nyumbani. Daftari la kituo haliwezi kuandika kifo ambacho hakikufika kituoni. Wakusanya takwimu walipita kaya kwa kaya, wengine kwa baiskeli, wakiandikisha waliozaliwa na waliofariki, na kuwahoji wafiwa juu ya dalili alizokuwa nazo marehemu ili chanzo cha kifo kijulikane. Wakati huo huo wataalamu wa mradi walichukua bajeti ya afya ya wilaya na kuipanga upya, shilingi kwa shilingi, kulingana na maradhi ambayo kila shilingi ilikuwa inapambana nayo. Pande hizo mbili zilipokutanishwa, tofauti ilikuwa ya kushtua. Morogoro, malaria ilikuwa inachukua karibu asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyokuwa inapotea kwa vifo, lakini ilikuwa imetengewa karibu asilimia 5 tu ya bajeti.

Hapa naomba tukae kidogo, maana wengi wakisimulia habari za TEHIP husifu utafiti na kupita haraka kwenye sura ambayo utafiti huo ulipewa. Timu ya afya ya wilaya haikupewa jedwali refu la magonjwa. Magonjwa yalikusanywa kulingana na huduma ambayo wilaya ina uwezo wa kuilipia. Malaria ya watoto, homa ya mapafu, kuhara, surua na utapiamlo viliwekwa kwenye nguzo moja ya grafu, kwa sababu kuna mpango mmoja wa huduma unaoyagusa yote, ule wa kumtibu mtoto mgonjwa kwa ujumla wake, unaojulikana kwa ufupisho wa IMCI. Mganga Mkuu wa Wilaya hawezi kuandika kwenye bajeti kwamba ananunua upungufu wa kuhara. Anaweza kuandika mafunzo ya IMCI kwa wahudumu kadhaa, dawa zake, na mafuta ya gari la usimamizi. Grafu ikazungumza lugha ya bajeti. Bajeti nayo ikachorwa kwa nguzo hizo hizo. Mtu ambaye hajawahi kusoma takwimu aliweza kuziweka karatasi mbili pamoja na kuona wapi maradhi ni mengi na fedha ni haba.

Zana za kidijitali zilizofanya hayo zilikuwa za kawaida mno: kompyuta ya mezani na programu ya kupanga upya mistari ya bajeti. Palikuwa na watu waliokaa na timu ya wilaya wakati mpango unaandikwa, wakijibu maswali, wakirudi kuhakiki namba iliyotiliwa shaka, kisha wakaiachia timu uamuzi. Timu zikaongeza fedha kwenye IMCI na kwenye vyandarua vyenye dawa. Katika takriban miaka mitano vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Grafu peke yake haikufanya hivyo. Kulikuwa na nyongeza ya fedha, ingawa wilaya ziliweza kutumia chini ya dola 1 kwa kila mkazi kwa mwaka, na kulikuwa na redio za mawasiliano kwa vituo vya mbali na usimamizi ulioimarishwa. Lakini naamini kabisa kwamba bila karatasi zile mbili, hata nyongeza ile ingefuata njia ya zamani, ikaishia kwenye mistari ile ile.

Sasa itazame hali yako. Tangu 2017 PlanRep inafanya kazi kwa mtandao na vituo vina FFARS, na fedha nyingi za afya zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati. Una vifaa ambavyo wenzetu wa Rufiji wa wakati ule wasingeviota. Lakini DHIS2 inahesabu wagonjwa, vituo na miezi. PlanRep inahesabu malengo, shughuli na kasma, yaani vifungu vya matumizi. Usitegemee kitufe ukibofya namba ya vifo igeuke kuwa mstari wa bajeti. Lazima mtu akae na mifumo yote miwili imefunguliwa mbele yake, na aiunganishe kwa akili yake. Ukipata nafasi ya kumweleza mkurugenzi jambo moja tu, mweleze hilo.

Nikuonyeshe inavyofanyika. Usijaribu kuvusha kila kitu. Chagua uamuzi mmoja wenye tarehe. Tuseme uamuzi huo ni huu: fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, za mwaka ujao zipelekwe kwenye zahanati zipi ili akina mama wengi zaidi wajifungulie kituoni. Unamwendea Mratibu wa MTUHA, unamwomba akutolee, kwa kila zahanati, wajawazito walioandikishwa kwenye Kitabu cha 6 na waliojifungua kwa mujibu wa Kitabu cha 12. Utaona zahanati ambazo wengi wanaanza kliniki na wachache sana wanafika leba. Andika majina ya hizo tatu au nne zenye pengo kubwa.

Grafu itakuambia pengo lipo. Sababu haimo humo. Mpigie muuguzi wa zahanati, au bora zaidi panda kwenye gari la usimamizi shirikishi, la timu inayotembelea vituo kuvikagua na kuvisaidia, linapokwenda huko. Muuguzi atakuambia chumba cha leba hakina taa usiku, kwamba yuko peke yake na nyumba ya mtumishi iko mbali, au kwamba mtumbwi wa kuvuka ziwa haupatikani baada ya magharibi. Ukimaliza hapo, fungua PlanRep na FFARS uone mwaka jana zahanati hiyo ilitengewa nini na ilitumia nini. Mara nyingi utakuta shajala, posho za vikao na usafi, na hakuna hata senti ya sola. Hapo ndipo maarifa yanapozaliwa, pale vyanzo vitatu visivyojuana vinapowekwa kwenye karatasi moja: daftari, kauli ya muuguzi, na mstari wa bajeti.

Karatasi hiyo iwe dokezo sabili, yaani waraka wa ndani wa ofisi, la ukurasa mmoja. Hiyo ndiyo njia ambayo serikali yetu imezoea kufikiria kwa maandishi, na mkurugenzi anajua la kufanya na dokezo: anaandika maelekezo pembeni na kulirudisha. Wasilisho la slaidi arobaini hana pa kuliandikia maelekezo. Kwenye ukurasa huo weka pengo, sababu, fedha ilipo sasa, na njia mbili za kuchagua, kila moja na gharama yake. Usiweke njia moja. Ukiweka njia moja umeshaamua wewe, na siku mambo yakiharibika utabaki peke yako. Zaidi ya hapo, wakuu wa idara wataacha kukuamini, watakuona una lako jambo.

Kuhusu ubora wa namba, najua watakuambia takwimu za DHIS2 haziaminiki. Kuna ukweli. Utakuta kata yenye chanjo asilimia 118, kwa sababu idadi ya watoto inayogawiwa chini ni makadirio ya sensa na idadi ya waliochanjwa imejumuisha watoto wa kata jirani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, kwa hiyo kwanza hakikisha hakuna anayetumia makadirio yaliyojengwa juu ya sensa ya 2012. Lakini usisubiri namba zitakate ndipo uzitumie. Zanzibar walionyesha njia nzuri zaidi. Kuanzia 2005 timu za wilaya za Unguja na Pemba zilikuwa zikikutanishwa katika warsha za robo mwaka, kila timu ikiwasilisha takwimu zake yenyewe mbele ya wenzake. Wenzake wakauliza: hii asilimia mia na kitu imetoka wapi? Mbona mwezi wa nne hakuna taarifa? Ubora ukapanda kwa sababu namba zilikuwa zinatazamwa na watu wanaojua kazi, na hata fomu zenyewe zikarekebishwa pale ilipoonekana zinaomba vitu ambavyo hakuna anayevitumia. Muuguzi anayejaza daftari kwa miaka bila kuona mrejesho hata mmoja atajaza kwa kukisia. Akiona namba yake imeleta taa ya sola, atajaza kwa uangalifu.

Nani awe mvushaji? Mkurugenzi ataelekea kumpa afisa TEHAMA. Mshauri asifanye hivyo. Afisa TEHAMA anahitajika kufungua akaunti, kutunza usalama na kuhakikisha mnafuata Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019, na kazi hiyo inamtosha. Wala usiunde kamati ya watu kumi na mbili. Kwa maoni yangu wewe afisa mipango ndiye hasa, ukiwa na Mratibu wa MTUHA na mtu mmoja wa hazina, na jukumu hilo liandikwe kwenye majukumu yenu rasmi ya kazi. Kama halijaandikwa, wiki ya kwanza ukipangiwa ugeni wa kitaifa au ufuatiliaji wa madarasa, litakufa.

Kisha kuna suala la muda, na hapa jirani zetu wa Uganda wana la kutufundisha. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha huduma ya kujibu maswali ya watunga sera wa afya kwa haraka. Mtu wa wizarani anauliza swali lake, watafiti wanapekua ushahidi uliopo na kumrudishia muhtasari ndani ya siku 28. Kilichonivutia ni kwamba saa inayofuatwa ni ya mwamuzi, si ya mtafiti. Kwenye halmashauri saa hiyo ni bajeti. Mwongozo na ukomo wa bajeti vikishatoka, timu zinajifungia na PlanRep, kisha mpango unapita kwenye menejimenti, Kamati ya Fedha, na Baraza la Madiwani, kabla ya safari ya kuelekea Bunge la bajeti linaloanza Aprili. Dokezo lako likifika baada ya Baraza kupitisha mpango, hata liwe zuri vipi, ni la mwaka mwingine. Lifikishe Novemba, wakati wataalamu bado hawajafungua faili la mwaka jana ili wanakili.

Madiwani usiwaogope, ila usiwashtukize. Karatasi yako ikionyesha kata fulani imekuwa ikipata kidogo kwa miaka mitatu, diwani wake atasimama, na ana haki. Yule wa kata iliyopata zaidi naye atasimama. Wapelekee mapema kwenye Kamati ya Huduma za Jamii, wakati bado kuna nafasi ya kubishana kwa utulivu. Na uwe tayari kusikia wanachokijua wao. Vijiji vikifanya mchakato wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambapo wananchi hupanga wenyewe vipaumbele vyao, huleta mambo ambayo hakuna mfumo unaoyaona: barabara inayokatika masika, mganga wa jadi anayeaminika kuliko zahanati, ugomvi juu ya kiwanja cha kituo. Mvushaji anayebeba kutoka kwenye mfumo kwenda kwa viongozi tu, bila kurudisha maswali ya viongozi na wananchi kwa wakusanya takwimu, anafanya nusu ya kazi.

Jambo la WhatsApp silipitii kimyakimya. Makundi ya kazi ya WhatsApp ndiyo yanayovusha habari nyingi katika halmashauri zetu, na kwa matangazo ya vikao na kukumbushana taarifa za mwezi yanafaa. Lakini nimeona picha za kurasa za madaftari zikirushwa humo, majina ya wagonjwa yakisomeka, hata ya huduma za VVU. Hilo lisiendelee hata siku moja. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume inayoisimamia, na kabla ya sheria kuna utu wa mama yule ambaye jina lake limefika kwenye simu za watu sitini. Katika kuvusha maarifa unahitaji jumla za kituo na kata. Jina la mtu hulihitaji kamwe.

Na kuna uhamisho. Ofisi zetu zinapoteza maarifa zaidi kwa barua ya uhamisho kuliko kwa kuharibika kwa seva. Afisa aliyekaa miaka sita anajua kwa nini zahanati fulani ilihamishiwa ng'ambo ya mto, ni mkandarasi gani aliacha jengo, ni makadirio yapi ya watu yalikubaliwa baada ya mabishano. Anaondoka na flashi yake na simu yake, na hati ya makabidhiano inataja gari, kompyuta na funguo. Fungua jalada moja ndani ya Ofisi Mtandao kwa ajili ya kila uamuzi mnaouvusha. Ndani yake liwemo dokezo, jedwali lililotumika na tarehe lilipotolewa DHIS2, maelekezo ya mkurugenzi, na baada ya mwaka, kilichotokea. Mwombe mkurugenzi aagize kwamba orodha ya majalada hayo iwe sehemu ya makabidhiano. Tumia barua pepe ya serikali badala ya ile yako binafsi, ili mrithi wako apate pa kuanzia.

Basi kwa mkurugenzi nenda na ombi dogo linalopimika. Mwambie tovuti isubiri mzunguko mmoja wa bajeti. Badala yake unaomba akaunti tatu za DHIS2 za kusoma tu, kwa ajili ya hazina, mipango na katibu wa menejimenti. Nafasi kwenye gari la usimamizi shirikishi kila robo mwaka. Kikao cha siku moja kila robo ambapo vituo vinawasilisha namba zao vyenyewe. Na dakika ishirini kwenye kikao cha menejimenti cha Novemba. Gharama yake ni nauli na chakula cha wawakilishi wa vituo, na inaweza kuingia kwenye kasma ya ufuatiliaji ambayo tayari mnayo. Katika mzunguko huo vusha uamuzi mmoja, usizidi miwili. Mei, mpango ukishapita, weka mpango mpya na wa zamani pamoja, na upige mstari chini ya kila kifungu kilichohama kwa sababu ya dokezo lako. Kama hakuna kilichohama, nenda kamuulize mweka hazina kwa nini. Jibu lake ndilo litakuwa swali lako la mwaka unaofuata.